Valvu za Bei Mbaya

Siku hizi imezuka itikadi miongoni mwa watu wenye nafasi zao, hasa wale waliosoma wakapata kazi nzuri na sasa wanakaribia kustaafu, kwamba santuri za zamani haziwezi kusikika ipasavyo mpaka zipitie kwenye kikuza sauti cha valvu. Wala haitoshi kuwa cha valvu. Valvu zenyewe lazima zibadilishwe. Zing'olewe zile zilizokuja na mashine, zitiwe nyingine zilizotengenezwa Uingereza au Ujerumani miaka sitini iliyopita. Mwenye kufanya hivyo huambiwa, na yeye huwaambia wenzake, kwamba pazia limeondolewa mbele ya muziki. Neno hilo la pazia nimelisikia mara nyingi mno, hata nikaanza kujiuliza watu hawa walikuwa na mapazia mangapi masikioni.

Mimi si adui wa valvu. Nimezaliwa wakati redio za majumbani zilikuwa za valvu, na bado naikumbuka redio ya mjomba wangu iliyohitaji kupata moto kwanza ndipo itamke neno. Watoto tulikuwa tunagombea kukaa upande wa nyuma, ambako kupitia matundu ya ubao tuliona zile taa za kioo zikiwaka rangi ya chungwa na kunusa vumbi linaloungua juu yake. Sasa nimepita miaka sabini. Nimefundisha sayansi, nimeongoza chuo cha ualimu, na nyumbani kwangu hapa Morogoro ninayo mashine ya santuri inayofanya kazi na santuri zipatazo mia tatu. Kwa hiyo sipingi kama mtu aliyeyasikia mambo haya dirishani. Ninachokipinga ni kudanganyana, na hasara inayoletwa na kudanganyana huko, ambayo nitaieleza kwa kuwa imepiga hodi mlangoni kwa jirani yangu.

Hebu tuanze na kazi ya chombo chenyewe, maana wengi wanaokisifu hawajui kinafanya nini. Sindano inapopita katika mfereji wa santuri hutikisika, na katika vichwa vingi vya kawaida hutikisa sumaku ndogo iliyo jirani na koili za waya mwembamba. Mtikisiko huo huzaa umeme, lakini umeme kidogo sana: kama sehemu 5 za elfu za voti moja. Mashine ya CD hutoa voti 2. Ndiyo sababu ukiunganisha gramafoni moja kwa moja kwenye kikuza sauti cha kawaida utasikia muziki kama unatoka chini ya godoro. Lazima kwanza umeme ule ukuzwe kama mara mia moja, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya priampu.

Kazi ya pili ndiyo wasiyoitaja, nayo ndiyo kubwa. Muziki haukuchongwa kwenye santuri kama ulivyopigwa. Sauti nene zilipunguzwa, kwa sababu zingechongwa kwa ukubwa wake halisi mifereji ingeyumba kama barabara ya mlimani, ikala nafasi yote ya sahani na kuirusha sindano nje. Sauti nyembamba nazo zilikuzwa kupita kiasi, ili wakati wa kupiga zitakaposhushwa, mchakacho wa santuri nao ushuke pamoja nazo. Zamani kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake. Mwaka 1954 chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kiliweka vipimo vya pamoja, na hatimaye dunia ikavifuata. Kwa vipimo hivyo, sauti ya mitetemo 20 kwa sekunde huchongwa kwa karibu sehemu moja ya kumi tu ya kiasi cha sauti ya mitetemo 1,000, na ile ya mitetemo 20,000 huchongwa ikiwa imekuzwa karibu mara kumi. Priampu inatakiwa kuyapindua yote hayo: kilichopunguzwa kirudishwe, kilichoongezwa kitolewe, kwa kipimo kile kile.

Sasa nauliza kama mwalimu aulizavyo darasani: kazi hiyo ya kupindua hufanywa na nini? Si valvu. Hufanywa na rezista na kapasita, vijidude visivyowaka, visivyo na umbo la kupendeza, na ambavyo bei yake haifiki hata ya chupa ya soda. Valvu ni punda. Hubeba mzigo, tena hubeba vizuri, lakini anayepima mzigo ni mwingine. Mtu akishuku mizani ya dukani, habadilishi punda aliyeleta mahindi. Zipo saketi ambazo valvu iliyochoka huweza kuvuruga vipimo hivyo kidogo, sikatai. Hapo tiba ni valvu nzima, si valvu yenye jina.

Na majina ndiyo biashara yenyewe. Valvu inayotumika zaidi katika kazi hii ni moja tu: Wamarekani waliiita 12AX7 na watu wa Ulaya wakaiita ECC83. Ni kichupa kirefu kama kidole, chenye pini tisa, na ndani yake mna valvu mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa kukuza kufikia kama mara 100. Hadi leo inatengenezwa mpya: Saratov huko Urusi, Čadca huko Slovakia, na Uchina pia. Lakini hizo mpya hazina heshima mbele ya wakereketwa. Wao wanataka Mullard ya Blackburn, au Telefunken yenye alama ya almasi iliyochongwa katika kioo, chini kati ya pini. Sisemi kwamba viwanda vile havikufanya kazi nzuri. Nasema kwamba hata wakati ule viwanda viliuziana valvu na kila kimoja kikapiga jina lake juu ya kazi ya mwenzake, na kwamba maandishi ya valvu nyingi hufutika kwa kidole chenye jasho. Maandishi yanayofutika kwa kidole huandikwa upya kwa kidole. Yupo mtu anayenunua jina lililoandikwa juzi kwenye kioo cha juzi, akaliweka kwenye mashine yake, na pazia likaondoka vile vile.

Mmoja wa watu hao ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliacha ualimu mapema, akawa mkandarasi, na Mungu amemjalia. Ni kijana mwema (namwita kijana, ingawa ana wajukuu) na hajaacha kunipigia magoti kwa shikamoo kila anapofika. Mwaka juzi aliniletea priampu yake ya valvu pamoja na jozi tatu za valvu ndani ya kisanduku chenye pamba, kama mayai. Jozi moja peke yake aliinunua kwa shilingi 600,000. Akaniambia, "Mwalimu, leo nataka usikie mwenyewe." Nikamjibu kwamba nitasikia, lakini tutasikia kwa utaratibu wa mtihani.

Mtu aliyewahi kusahihisha mitihani anajua kwa nini karatasi ya mtahiniwa huandikwa namba na si jina. Si kwamba wasahihishaji ni wezi. Ni kwamba ukiona jina la mtoto unayemfahamu kuwa hodari, hata kosa lake hulisoma kama werevu. Basi nilizipa zile jozi tatu namba, nikatundika shuka mbele ya meza, nikakaa nyuma ya shuka na mashine. Wasikilizaji walikuwa wanne: yeye mwenyewe, mjukuu wangu, mwalimu mwenzangu mstaafu anayefundisha kwaya, na fundi redio wa mtaani kwetu. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake, na hakuna kutazamiana. Santuri ilikuwa moja na wimbo ulikuwa mmoja.

Kabla ya hapo tulifanya jambo moja ambalo wauza valvu hawalipendi. Mkandarasi alikuwa na santuri ya majaribio yenye mlio mmoja wa mitetemo 1,000. Tuliipiga, fundi akapima umeme kwenye nyaya za spika kwa mita yake, na kwa kila jozi tukarekebisha ukubwa wa sauti hadi mita ikasoma sawasawa. Haya si mambo ya utani. Valvu mbili za aina moja hutofautiana katika kukuza, na sikio la binadamu lina udhaifu unaojulikana: sauti ikizidi nyingine kwa kiasi kidogo sana, hatusemi "hii ni kubwa zaidi", tunasema "hii ni bora zaidi". Muuzaji akikuwekea valvu inayokuza zaidi asiguse kitu kingine chochote, amekwisha kukuuzia.

Matokeo? Kwanza niitendee haki upande wa pili. Jozi namba 2 waliitambua wote wanne kila ilipowekwa, na wote waliiandikia alama za chini. Ilikuwa na mchakacho, na valvu yake moja ilikuwa ya kulia; ukiigonga kwa ncha ya penseli, spika inatoa mlio kama bilauri. Basi tofauti zipo, na valvu mbovu husikika kuwa mbovu. Hiyo ndiyo ilikuwa ya shilingi 600,000. Kuhusu hizo jozi nyingine mbili, moja ya zamani na moja mpya ya kiwandani iliyokuja na mashine, alama zilitawanyika kama mtama uliomwagwa. Mkandarasi mwenyewe aliisifia namba 1 mara mbili na namba 3 mara mbili, kwa maneno yale yale. Mwalimu wa kwaya, mwenye sikio kuliko sisi sote, aliandika katika karatasi yake: "Sioni tofauti. Gita la pili limetoka nje ya ufunguo tangu mwanzo."

Naweza kuambiwa kwamba jaribio la mchana mmoja, watu wanne na shuka la kitandani halithibitishi mambo yote. Kweli kabisa. Lakini angalau tulijaribu. Na anayenipinga alete lake, awe na shuka. Asije na ile hoja ya kusema alibadilisha valvu, akasubiri dakika ishirini zipate moto, akasikia kitu ambacho hakukisikia jana. Kumbukumbu ya sauti haikai hivyo. Dakika ishirini ni muda mrefu hata kukumbuka kama chai ya kwanza ilikuwa na sukari zaidi ya hii, sembuse mvumo wa ngozi ya ngoma.

Jioni ile ile, kwa kuwa watu walikuwa bado wapo, nilifanya jaribio langu la pili ambalo halikuhitaji kitu cha Ulaya. Nilichukua santuri ile, nikaiosha kwa maji ya vuguvugu yenye tone moja la sabuni ya maji, nikaisuuza, nikaikausha kwa kitambaa laini kwa kufuata mifereji bila kukatisha, nikihadhari karatasi ya katikati isilowe. Kisha nikabadilisha sindano. Sindano ya almasi hudumu kama saa 500 hadi 1,000, na ile ya mkandarasi, tulipohesabu, ilikuwa imepita umri huo zamani. Halafu tukapima uzito wa mkono wa gramafoni. Kichwa kile kilitaka gramu 2, kilikuwa kimewekwa zaidi kidogo ya 1, kwa imani kwamba mkono mwepesi huitunza santuri. Kinyume chake: sindano nyepesi mno hurukaruka mferejini na kuuchimba. Tulipopiga tena, hakuna aliyehitaji karatasi. Hata mpishi alitoka jikoni akauliza kama tumebadilisha redio.

Watasema: sawa mzee, lakini sauti ya valvu ina joto. Hili joto nalo tulitazame. Valvu inapokuza huweza kuongeza kitu ambacho hakikuwamo, hasa sauti ya pili iliyo juu ya ile ya kwanza kwa okteva moja, na kwa sababu okteva hupatana na sauti iliyoizaa, sikio hulipokea bila kulalamika. Ni kiungo. Anayependa mdalasini katika pilau hana kosa, ni nyumba yake na sufuria yake. Lakini asiniambie kwamba mdalasini ndio mchele halisi. Na priampu iliyosanifiwa vizuri, kwa umeme mdogo namna ile, huongeza kiungo hicho kidogo mno hata kukionja ni kazi.

Wapo pia wanaodai kwamba santuri za zamani zilirekodiwa kwa valvu, kwa hiyo haki yake ni kupigwa kwa valvu. Hapo inabidi tuulize: zamani ipi? Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, naam, valvu zilikuwamo, na santuri zake zilikuwa zile nzito za mizunguko 78, zilizochongwa kabla ya vipimo vya 1954. Ukizipitisha kwenye priampu ya leo, iwe ya valvu au ya dhahabu, vipimo havioani na sauti inapotoka. Anayezipenda kweli atatafuta priampu ya kubadili vipimo kabla ya kutafuta Telefunken. (Na kwa ajili ya Mungu asizioshe kwa spiriti, zile za 78 ni za utomvu, spiriti inaziyeyusha.) Bali santuri nyingi tulizonazo majumbani ni zile ndogo za mizunguko 45 za miaka ya 1960 na 1970. Bendi zetu zilisafiri hadi Nairobi kurekodi, na santuri zikafyatuliwa huko, zikarudi kwa basi. Studio za miaka ya 1970 kwa sehemu kubwa zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye transista. Joto gani basi tunalolirudisha?

Nafika kwenye hasara niliyoitaja. Mji huu ulikuwa mji wa muziki. Ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979. Hao majina yao yako salama, kila siku redio huwapiga. Lakini zilikuwapo bendi nyingine ndogo, zilizokwenda Nairobi mara moja, zikatoa santuri mbili au tatu, zikafa, hasa baada ya mpaka kufungwa mwaka 1977 hadi 1983. Za hao hakuna mkanda redioni wala nakala dukani. Zipo chini ya vitanda, kwenye masanduku ya bati, ndani ya nyumba za mabati ambamo mwezi wa Desemba santuri hupinda kama chapati. Na wanunuzi kutoka nje wanapita, wanayajua masanduku hayo kuliko sisi, wananunua kwa fungu na kuondoka nayo kwenye mikoba.

Jirani yangu ni mjane wa mpiga gita wa bendi mojawapo ya hizo. Marehemu alikuwa rafiki yangu, ndiyo maana mimi na mkewe tunaitana shemeji. Yeye ana zaidi ya miaka themanini. Ana masanduku mawili, na ndani yake imo santuri moja ambayo, kwa kadiri ya kutafuta kwetu, hatujaiona kwingine, na ndiyo peke yake mumewe anayopiga gita la mbele. Gramafoni yake ilikufa zamani. Alimwomba mkandarasi amnakilie wimbo ule kwenye simu, kwa kuwa alijua anavyo vyombo. Mkandarasi alikubali kwa moyo mmoja. Lakini alitaka kazi iwe ya heshima, na kwa heshima hiyo alisema asubiri kwanza valvu alizoagiza. Valvu zilifika, hakuridhika nazo, akaagiza nyingine. Miezi kumi na minne ilipita. Shemeji hakulalamika hata siku moja. Kila tulipokutana aliniuliza tu kama taa za Ulaya zimekwisha kuja.

Hilo ndilo lililonitia hasira, na ndilo lililonishikisha kalamu. Sina ugomvi na mtu kutumia fedha zake. Mjukuu wangu hununua viatu vya bei hiyo hiyo na sijamwandikia insha. Ugomvi wangu ni na imani inayomfanya mtu mwema, mwenye mashine nzima, mwenye mikono miwili, aketi mbele ya sauti ya marehemu asiipige kwa sababu kioo cha kuipigia hakijatimia. Miezi kumi na minne, katika umri wa miaka themanini!

Niliichukua santuri ile mimi. Nikaiosha, nikaweka sindano mpya, nikaipitisha kwenye priampu yangu ya transista ambayo haina hata taa moja, bei yake haifikii robo ya ile jozi namba 2, na mjukuu wangu akainasa kwenye kompyuta. Kazi nzima ilikula saa moja na nusu, na saa nzima ya hiyo ilikuwa ya kukausha. Kuna mkwaruzo katika ubeti wa pili ambao haukutoka. Shemeji alisikiliza mara moja mpaka mwisho, kisha akamwomba mtoto amrudishie pale gita linapoingia, pale tu, wala si wimbo wote. Alirudishiwa mara nyingi, sikuhesabu. Halafu akaniuliza kama katika sanduku la pili kuna nyingine.

Zimo 41. Nane zimepinda, tumeziweka kati ya vioo viwili vizito, mahali pasipo jua, tuone kama zitalegea. Tumekwisha kuosha kumi na tisa. Mkandarasi nimempelekea ujumbe aje Jumamosi na mashine yake, valvu na zote, lakini zile zilizokuja nayo kutoka kiwandani. Na nimemwambia ajihadhari asiifungue mbele ya watoto, kwa maana mle ndani mna umeme wa voti zaidi ya 200 unaobaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Amejibu kwamba atakuja. Tukiwa na mashine mbili tutamaliza kabla ya joto la Desemba.